Maji Chini ya Mbavu Zangu

Ilianza Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi, kipindi cha Kemia. Saa naijua kwa sababu nilikuwa nimekodolea macho ile ya ukutani, nikiomba kengele ilie kabla mwalimu hajanichagua. Mimi si mtu wa kujibu darasani. Hata nikijua, jibu linanikwama kooni. Siku hiyo akanichagua. Nikasimama, nikafungua mdomo, na kitu kikanichoma chini ya mbavu za kulia kama kaa la moto. Nikakaa chini bila kusema neno. Darasa zima likacheka.

Nyandeng, ambaye tunakaa dawati moja, akaniinamia. "Nakiru, umeogopa mpaka umeanguka?"

"Tumbo."

"Ni hiyo maharagwe ya jana. Hata mimi inanipiga vita."

Haikuwa maharagwe.

Naandika kwa sababu nilipokuwa kitandani hospitalini Lodwar nilitamani mtu aliyepita njia hii akae karibu yangu aniambie, kwanza itakuwa hivi, halafu itakuwa hivi, usiogope sana. Hakuwepo. Basi kama wewe ndiye uliye kitandani sasa, chukua haya. Mambo ya kitabu muulize daktari. Mimi nitasema yaliyonipata, hata yale ya aibu.

Kiangazi kile tumbo lilikua. Si lote. Lilikua juu, upande mmoja, gumu, kama nimeficha kibuyu ndani ya sketi. Nikaanza kulala chali kwa sababu upande wa kulia ulikuwa unabonyea vibaya. Nikaacha kufunga kifungo cha sketi, nikawa natumia pini. Nilivaa sweta ya shule katika joto la Kakuma, fikiria, na wasichana wakaanza kunitazama kuanzia kifuani kwenda chini.

Mwalimu wa malezi akanipeleka zahanati nipimwe mimba. Kipimo kikasema hapana. Akaomba wanipime tena. Hapana. Akanisindikiza hadi nyumbani, akamweleza Baba kwa upole: "Mzee, kipimo kinasema msichana hana mimba. Mpelekeni hospitali kubwa."

Baba ni mzee wa kanisa na ni mtu wa mbuzi. Alisikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akamsindikiza hadi kwenye ua wa miiba. Aliporudi aliliangalia tumbo langu. "Hicho kipimo hakina macho?"

Hakuwa amewahi kunipiga. Alinipiga siku hiyo kwa fimbo yake ya kuchungia, miguuni, mgongoni, kwenye mikono niliyokingia tumbo. Nafikiri kule kukinga tumbo ndiko kulikomkasirisha zaidi.

"Jina! Nipe jina lake!"

"Hakuna, Baba."

"Hakuna ni mtoto wa nani? Hakuna anakaa wapi?"

Fimbo ikavunjika. Akachukua kipande. Damu ilikuwa inanitoka sikioni. Mama akaja mbio na mdogo wangu Ebei mgongoni, akamrukia Baba shingoni akipiga kelele, "Utaua wawili! Utaua wawili!"

Wawili. Hilo neno liliniuma kuliko fimbo. Mama naye alikuwa ameamini.

Kesho yake kaka yangu Ekai alikwenda kambini kwa wakimbizi, wanakokaa kina Nyandeng. Alikuwa amesikia kwamba Bol, kaka yake Nyandeng, huniazima vitabu. Akamkuta kwenye foleni ya maji, akampiga rungu mdomoni mbele ya watu. Wenzake Bol wakamwangukia Ekai kwa mitungi na mawe, vijana wa kwetu nao wakaja na fimbo, na kama polisi wasingefyatua risasi hewani sijui tungezika wangapi. Yote kwa ajili ya mtoto ambaye hayuko.

Nilijua Nyandeng hatakaa nami tena. Asubuhi aliyorudi shuleni alisimama kando ya dawati, mrefu vile alivyo, akanitazama.

"Meno mbili," akasema. "Bol ametoka meno mbili. Sasa anapiga mluzi akiongea."

Nikalia.

"Wacha kulia. Nakuuliza mara moja tu. Iko mtoto ndani?"

"Hakuna."

"Haya. Sogea nikae."

Ni yeye peke yake aliyeniamini bila kipimo, bila macho, bila kitu. Mpaka leo sijui kwa nini.

Mvua fupi zikaja, laga, ile mito yetu ya mchanga, zikajaa, zikakauka. Mtoto hakuja. Wanawake wa kanisani walihesabu kwa vidole, wakahesabu tena, wakanyamaza. Nikakonda mikono na shingo, tumbo likabaki. Nikitembea haraka pumzi inakata. Baba akaacha kuuliza jina. Hakuomba msamaha, lakini alianza kuniachia maziwa ya kwanza ya asubuhi. Kwetu hiyo ni sentensi ndefu.

Mama ndiye aliyemwita Babu. Babu, baba yake Baba, ni emuron, yaani mwonaji, na anakaa huko juu Kaaleng. Tangu Baba abatizwe hawakuwa wanaongea vizuri. Babu alikuja na kigoda chake na mkuki. "Ejok," akanisalimu, akanitazama tumbo kidogo tu kwa heshima, akasema aletewe mbuzi mwenye rangi ya udongo.

Alimchoma mkuki mara moja. Wakampasua, wakatandaza matumbo juu ya majani, na Babu akainama kuyasoma kama mwalimu anavyosoma ramani. Hapa ni sisi, hapa ni kisima, hapa ni watu wanaotuonea kijicho. Akasema kuna mtu wa kaskazini ana hasira na nyumba yetu. Akachota uchafu wa kijani wa tumbo la mbuzi akanipaka kifuani na usoni, na ulikuwa bado wa moto. Sitacheka, kwa sababu alikuwa ananiombea kwa Akuj, Mungu wa wazee wetu, kwa sauti ya mtu anayeomba kweli.

Lakini niliona kitu kingine. Ini la yule mbuzi lilikuwa na malengelenge meupe, yamejaa maji, moja kubwa kama yai. Hakuna aliyeshangaa. Mbuzi wetu wengi wako hivyo. Babu akakata kile kipande kibaya kwa kisu chake cha kidoleni, akakitupa nyuma bila kuangalia, na Lokwang akakidaka kabla hakijagusa mchanga.

Lokwang ni mbwa wetu, mweupe. Mama yake ndiye aliyenilea mimi. Wa kwetu mtajua ninachosema: mtoto akitapika au akijichafua, mama anaita mbwa, mbwa anakuja kumlamba mpaka anang'aa, maji yako mbali. Lokwang alimaliza kula ini, akajilamba pua, akaenda kumsafisha Ebei aliyekuwa anatambaa pale. Tukatabasamu. Alikuwa yaya mzuri.

Baba aliporudi malishoni akakuta uso wangu wa kijani. Aliupiga teke ubao wa mlango mpaka ukang'oka. Akamsukuma baba yake mwenyewe, mzee wa mvi, mpaka mzee akaanguka juu ya kigoda chake. "Unaleta shetani kwa mtoto ambaye tayari ana shetani!" Hapo ndipo nilipojua kwamba sasa mimi si mjamzito tena. Nina pepo.

Jumapili wakanipeleka mbele kanisani. Nisikilize vizuri hapa, wewe uliye kitandani. Mchungaji wetu si mtu mbaya. Alifunga kula kwa ajili yangu. Wanawake wanne wakanishika mikono na miguu kwenye mkeka, ngoma ikalia, mabati yakatetemeka kwa kelele, na Mchungaji akaweka viganja vyake viwili chini ya mbavu zangu.

"Toka!" Akabonyeza.

"Mchungaji, inauma."

"Si yeye anayesema! Ni huyo! Toka!" Akabonyeza kwa uzito wake wote, magoti yakiwa yameinuka kutoka chini. Wakaimba. Akabonyeza tena.

Kitu kikapasuka ndani yangu. Nilikisikia, pwaa, kama puto la maji, kisha joto likatambaa tumboni. Nilipiga ukelele ambao sikujua ninao. Kanisa lote likashangilia. "Ametoka! Ametoka! Haleluya!"

Viganja vikaanza kuniwasha. Halafu masikio, halafu ulimi. Midomo ikavimba mpaka sikuweza kuifunga. Koo likaanza kujifunga kama mtu anavuta uzi wa mfuko. Niliona watu wakirukaruka kwa furaha na mimi sina hewa. Nilimwona Baba amepiga magoti, machozi yanamtoka, anamshukuru Mungu, na mimi nakufa mbele yake. Nilitaka kusema jina lake tu. Halikutoka.

Mama ndiye aliyeona midomo. Alipita katikati ya watu kama fahali. Mchungaji akainua mkono kumzuia, Mama akampiga kofi, kofi kamili la mkono wa kuteka maji, ngoma ikanyamaza yenyewe. Wakanipakia kwenye pikipiki kati ya Mama na dereva, kichwa changu kinaning'inia. Hospitali ya Kakuma walinichoma sindano pajani juu ya nguo, na hewa ikarudi. Ikarudi nyembamba kwanza, kama kupitia mrija. Sijawahi kupenda kitu kama nilivyopenda hewa ile.

Ambulensi ikanipeleka Lodwar.

Nitakuambia juu ya kungoja, maana kungoja ndiyo kazi kubwa ya mgonjwa. Unangoja kwenye benchi la mbao, mguu wako umegusana na mguu wa mtu usiyemjua. Kuna feni juu inayozungusha joto lile lile. Mama mmoja kutoka Lowarengak alikuwa na samaki mkavu kwenye leso, akamkata akatugawia bila kuulizwa, na tulikula tukinuka wote. Mtu akiitwa, wote tunamtazama akienda. Akirudi, wote tunamtazama uso.

Nilipigwa picha ya tumbo kwa mashine. Walinipaka mafuta ya baridi, wakanipitishia kitu kama sabuni juu ya ngozi. Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke mfupi anayeitwa Daktari Asekon, mwenye sauti ya kuuza sokoni.

"Kuna fuko moja limepasuka, ndilo lililokufunga koo," akasema. "Na kuna lingine, kubwa, bado zima. Limekaa kwenye ini. Limetokana na mayai ya minyoo ya mbwa, uliyameza ukiwa mdogo. Nitakufungua nilitoe kabla nalo halijapasuka."

Akatugeuzia kioo cha mashine. Kijivu, na ndani yake duara jeusi, na ndani ya duara viduara vingine vimebanana.

Baba alifika siku hiyo hiyo, vumbi la barabara mpaka kwenye kope. Daktari akamwonyesha. Baba akatazama, akatikisa kichwa.

"Hayo ni mawingu."

"Ni ini la mtoto wako, mzee."

"Mtoto wangu ameombewa. Kitu kimetoka, watu wameona. Wewe unataka kumpasua mtu aliyepona kwa ajili ya mawingu?"

"Unaniona nina sababu ya kudanganya?"

"Sikujui. Mchungaji namjua, amenibatizia watoto. Wewe umevaa nguo ya kijani tu." Akaanza kukusanya viatu vyangu. "Nakiru, inuka. Tunaenda."

"Likipasuka njiani hafiki Kakuma," daktari akasema. Hakupiga kelele tena.

"Akifa ni Mungu. Akifa kisuni mwako ni nani?"

Mama alikuwa amekaa sakafuni, mikono kichwani. Hakuwa na kofi la pili. Baba akanishika kifundo cha mkono, akanivuta, drip ikang'oka, damu ikaruka kwenye shuka. Muuguzi akamshika Baba shati. Shati likachanika. Wakasukumana juu yangu, na mimi katikati nilikuwa nakitazama kile kioo.

Nilikuwa nimekwisha kuiona picha hiyo mahali.

"Baba," nikasema. Haikutosha. Nikapiga kelele, mimi ambaye hata mwalimu simjibu. "Baba! Ni ile ya mbuzi!"

Akasimama.

"Ya mbuzi wa Babu. Ile alimtupia Lokwang. Malengelenge ya maji. Angalia vizuri. Si mawingu. Ni ini la mbuzi."

Baba aliniachia mkono. Akasogea karibu na kioo mpaka pua yake ikakaribia kukigusa. Baba hajui kusoma vizuri, lakini amefungua mbuzi tangu akiwa mtoto, ini analijua kama mimi ninavyoijua A, B, C. Akaweka kidole kwenye duara. Akalifuata pembeni polepole.

"Hii ngozi yake," akamuuliza daktari, "ni nyeupe? Inavutika?"

"Ndiyo."

"Na ndani maji safi, kama ya kunywa."

"Kama ya kunywa."

Akakaa kwenye kitanda changu, shati limechanika. Akatazama viganja vyake. "Sisi tunakata tunatupa," akasema. "Na tulibonyeza."

Baadaye akainuka, akamwambia daktari, "Kata."

Nilipewa vidonge vyeupe siku chache kabla, vikubwa, vinaacha ladha ya chaki. Asubuhi ya upasuaji nilimkuta Daktari Asekon kwenye sinki akijisugua mikono mpaka viwiko. Niliogopa sana, na hofu ikanifanya niwe na mdomo.

"Daktari, wewe unaamini Mungu?"

"Naamini."

"Na hii dawa?"

"Naiamini pia. Ila sijawahi kuona kwa macho yangu mnyoo wenyewe ukifa ndani ya mtu. Waliotangulia waliona, nikawaamini." Akaendelea kusugua. "Sasa usiniongeleshe, nanawa. Mimi hunawa kwanza, halafu ndiyo naomba. Sijawahi kugeuza."

Nilipoamka nilikuwa na mrija ubavuni na kidonda kirefu kama njia ya mbuzi mlimani. Tumbo lilikuwa limelala. Nililigusa nikalia, kwa sababu nilikuwa nimelizoea, na hakuna anayekuambia hilo. Ukicheka, unapasuka maumivu. Ukikohoa, kumbatia mto. Ukienda msalani mara ya kwanza, mwombe mama yako aimbe, usione haya.

Mchungaji alikuja na soda ya moto. Alikaa muda mrefu akikunja kofia.

"Nilikushika kwa imani, binti yangu."

"Najua, Mchungaji."

Nikaiweka soda chini.

"Lakini ulibonyeza," nikasema.

Akainamisha kichwa. Kisha akauliza kama anaweza kuomba. Nikamwambia anaweza, akiwa amekaa pale pale kwenye kiti. Akaomba na mikono yake ameikalia. Ni maombi mafupi kuliko yote aliyowahi kuomba, na niliyapenda. Wewe nawe, wakija kukuombea, wakubali. Waambie tu wasiguse tumbo.

Nilibaki Lodwar kwa mama mdogo kwa ajili ya duru tatu za vidonge. Duru ya kwanza, nywele zilitoka kwenye kitana. Duru ya pili, mto Kawalase ulifurika ukatufungia upande huu na nikakosa kupimwa damu, Mama akanivusha siku iliyofuata akiwa amefunga viatu vyangu kichwani mwake. Duru ya tatu Nyandeng alinitumia ujumbe: Bol anakusalimu kwa mluzi. Jua lilipokuwa limerudi kuwa kali, picha ikatoka safi. Kabla ya kupanda gari kurudi, Baba, aliyekuja kunichukua, aliingia duka la dawa za mifugo, akatoka na kitu mfukoni. Hakusema.

Jioni tuliyofika Kakuma, Ebei alikuwa amekaa mchangani, amejichafua, na Lokwang alikuwa juu yake, analamba, mkia unapiga kwa furaha ya kutuona.

Baba akatupa mizigo. Akaokota rungu la Ekai. Sikujua mtu wa umri wake anaweza kukimbia vile. Pigo la kwanza lilimpata mbwa nyongani, mfupa ukalia, Lokwang akazunguka akilia kama mtu. Ebei akapiga yowe. "Wewe!" Baba alikuwa anapiga kelele, mate yanaruka. "Ni wewe! Ulimla mtoto wangu! Ni wewe!" Pigo la pili likachimba mchanga. Lokwang hakukimbia. Alijivuta kuja miguuni kwa Baba, maana hapo ndipo alipozoea kukimbilia.

Rungu likapanda tena. Sikufikiria kidonda changu. Nilijitupa juu ya mbwa.

"Toka, Nakiru!"

Neno lile lile la kanisani. "Sitoki."

"Ni yeye aliyekutia ugonjwa!"

"Alikula tulichompa, Baba! Sisi ndio tulimpa. Kila mbuzi, kila ini. Tulimpa sisi, halafu tukamwita aje alambe."

Rungu lilikaa hewani. Ekai alikuwa amesimama mlangoni. Mama alikuwa amemkumbatia Ebei. Mbwa alikuwa anatetemeka chini yangu, na moyo wake ulikuwa unapiga kwenye kovu langu.

Baba akalishusha rungu polepole, kama kitu kizito cha mtu mwingine. Akatia mkono mfukoni, akatoa karatasi ndogo ya dawa, akaiangusha mchangani mbele yangu. "Nilinunua," akasema. "Halafu nilipomwona juu ya mtoto, nikasahau." Akaenda kukaa kwa mbuzi wake.

Asubuhi niliamka kabla ya watu. Lokwang alikuwa amelala pale nilipomfunga kwa kamba usiku, mguu umevimba. Nyuma ya miti ya miiba ya mathenge nilimkuta Baba anachimba shimo, refu mpaka kiunoni mwake, la kuzikia kila kitakachotoka kwa mbwa, na kila ini bovu kuanzia leo. Nilichemsha kipande cha nyama, nikakipasua, nikaficha kidonge ndani. Lokwang akala nyama, akatema kidonge. Nikakificha tena. Akatema tena, akanitazama bila haya.

"Mfunge mdomo," Baba akasema kutoka shimoni.

Nikakisukuma kidonge mpaka nyuma ya ulimi, nikamfunga taya kwa mikono miwili. Hakumeza. Tukatazamana. Nikafumba macho nikamwombea, kwa sauti, Baba akisikia, kwa ajili ya mguu wake, na minyoo yake, na Ebei. Nilipofika kwenye amina, koo lake likapanda na kushuka.

Kisha nikaenda kunawa kwa sabuni. Nilikuwa nimegeuza ule mpango wa Daktari Asekon, lakini nilinawa mara mbili.